ISAYA ALIAGIZA TINI

 

Neno letu linatoka katika kitabu cha Wafalme wa Pili, sura ya 20. Musome tena nyumbani, polepole, maana sisi tumezoea kusimama kwenye mustari wa 6, pale Mungu anapomuongezea Hezekia miaka 15. Hapo tunapiga makofi, tunaimba, kisha tunafunga kitabu. Mustari wa 7 unabaki peke yake kama mugeni aliyekosa kiti. Leo tunamupa kiti.

Mufalme Hezekia alikuwa mugonjwa wa kufa. Isaya akaja kumuambia atengeneze mambo ya nyumba yake. Mugonjwa akageuza uso kwenye ukuta, akaomba, akalia sana. Kila mutu aliyepata kulala hospitalini anaujua ukuta ule. Isaya alikuwa bado hajatoka katika kiwanja cha katikati wakati neno la Bwana lilipomurudisha kwa mugonjwa na ahadi ya kupona. Hakuna kati yetu atakayesema kwamba Isaya hakuwa nabii. Ahadi alikuwa nayo, na ilitoka kwa Mungu mwenyewe. Na nabii huyo, mwenye ahadi hiyo, akaagiza waletewe mukate wa tini. Wakauweka juu ya jipu, na mufalme akapona. Tena aliambiwa kwamba atapanda katika nyumba ya Bwana siku ya tatu. Hata mufalme, mwenye neno la nabii, alingojea siku tatu kitandani.

Tunalisema neno hili kwa ajili ya kundi dogo la wapendwa wetu ambao hatuwataji mara nyingi, kwa sababu ugonjwa wao unaleta haya. Ni wale ambao munganga alipasua tumbo lao, akatoa sehemu ya utumbo nje, akaishona kwenye ngozi, ili choo kipitie pale kwa muda. Wanaovaa mufuko chini ya kitenge au chini ya shati. Na zaidi, ni kwa wale kati yao ambao siku ya kufungwa inakaribia, na kwa kanisa linalowazunguka.

Kwanza tuondoe giza. Kile kitu chekundu kwenye tumbo, wanganga wanakiita stoma, neno la Kigiriki ambalo maana yake ni kinywa. Ni utumbo wenyewe umegeuzwa. Rangi yake nyekundu na majimaji yake ni alama ya uzima, kama ndani ya midomo yetu. Hakina maumivu kikiguswa. Kikigeuka cheusi, hapo mutu akimbie hospitalini. Kazi hii si mupya wala si ya uchawi: mwaka wa 1793, katika muji wa Brest kule Ufaransa, munganga anayeitwa Duret alifungulia njia tumboni mutoto mwenye siku chache ambaye alizaliwa bila tundu la choo, na mutoto yule akakua akawa mutu muzima. Hata leo watoto wengine wanazaliwa hivyo, na wazazi wao wanaambiwa na majirani kwamba wamerogwa.

Huku kwetu sababu kubwa moja tunaijua, maana inapita katika maji tunayokunywa. Ni homa ya matumbo, ile tunayoiita tifoide. Mududu wake anatoka katika choo cha mugonjwa, anaingia mutoni au ziwani au katika kisima kibaya, anarudi ndani ya bidoni. Anashambulia mwisho wa utumbo mwembamba, na mara nyingi katika juma la tatu utumbo unatoboka. Tumbo linakuwa gumu kama ubao. Kati ya mwezi wa 9 wa mwaka wa 2004 na mwanzo wa 2005, katika inchi yetu walihesabiwa wagonjwa 42,564 wa tifoide, na Kinshasa ndiyo iliyopigwa sana. Kati yao 696 walipatwa na kutoboka utumbo au tumbo kujaa usaha, na 214 walikufa. Munganga akifungua tumbo la namna hiyo na kukuta uchafu umeenea kila mahali, mara nyingine hawezi kushona tundu na kufunga tu, maana uzi hautashika katika nyama iliyooza. Anatoa utumbo nje, anangojea mwili upate nguvu. Wengine wanafika pale kwa sababu ya risasi, na hatuhitaji kueleza Uvira risasi ni nini. Wengine utumbo umejisokota, wengine ni kansa, na mama wengine wamepasuka wakati wa kuzaa.

Basi mutu ametoka katika mauti, ameingia kanisani na mufuko wake, na anakaa wapi? Anakaa karibu na mulango, ili akisikia sauti ya tumbo atoke haraka. Kisha anakaa nje chini ya muembe. Kisha haji tena. Kuna mabwana waliohama chumba. Kuna wanaosema kwamba aliye na choo tumboni ni najisi na asiguse vyombo vya ibada. Hao tunawapeleka kwa Bwana mwenyewe, Marko sura ya 7, mustari wa 18 na wa 19. Alisema wazi mambo ya tumbo na ya choo, asione haya: kinachoingia katika mutu kinapita tumboni na kutoka, na hicho hakimutii unajisi, unajisi ni wa moyoni. Hakutuambia kitoke kwa njia gani. Na Paulo, katika Wakorinto wa Kwanza sura ya 12, anafundisha kwamba viungo vya mwili tunavyoviona havina heshima ndivyo vinavyopewa heshima zaidi. Mama huyo apewe kiti karibu na mulango wa pembeni, apewe maji na mahali pa kujisafisha, na mutu asigeuze kichwa akitoka.

Sasa habari ya kufungwa. Mugonjwa anataka kufungwa kesho. Tunamuelewa. Lakini mwili una siku yake. Ndani ya tumbo kuna vidonda vinavyoshikamana, na munganga akiingia mapema mno atapasua utumbo wakati anautafuta. Kwa wengi anangojea majuma 8 hadi 12, kwa wengine miezi 6 au zaidi, kufuatana na sehemu ya utumbo na nguvu za mugonjwa. Miezi hiyo siyo ya kukaa bure. Ndiyo wakati wa tini.

Tini ya kwanza ni chakula. Nyama ya mwili inashonwa na nyama. Mutu aliyekonda mifupa, uzi utakatika ndani yake. Ndagala, mukeke, mayai, karanga iliyosagwa vizuri, muchele wa hapa bondeni, ndizi. Ndiyo sababu tunasema neno gumu kidogo kwa watu wa maombi. Kufunga tunakupenda na tutaendelea nako. Lakini mutu anayejitayarisha kupasuliwa asifunge siku tatu kavu, wala siku saba, na mutu asimuagize hivyo kwa jina la maono. Atakuja mezani mwa munganga bila damu na bila chumvi. Kama kuna kufunga, sisi wenye afya tufunge kwa ajili yake, na kile tulichoacha kula tukipeleke katika sufuria yake. Siku yenyewe ya kupasuliwa atafunga kwa amri ya munganga, chakula saa sita mbele au tangu usiku, na kufunga huko kuna sababu: aliyelala kwa dawa akitapika, matapishi yanaweza kuingia katika pafu.

Tini ya pili ni maji na chumvi. Yule ambaye tundu lake liko katika utumbo mwembamba anapoteza maji na chumvi mchana na usiku. Akinywa maji matupu kwa wingi, yanapita na kubeba chumvi nyingine tena. Anaanza kizunguzungu, misuli ya miguu inakaza, mukojo unakuwa kidogo na mweusi. Uvira tumejifunza dawa yake katika kolera: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa juu, anywe kidogo kidogo kutwa nzima. Na maji ya maombi vilevile yachemshwe kwanza kabla ya kuombewa. Baraka haiungui kwa moto.

Mambo mengine ni mafupi. Tumbaku aiache, hata ile ya siri, maana inafunga njia za damu kwenye mushono. Ngozi kando ya mufuko aioshe kwa maji matupu na kuikausha; wale wanaotumia sashe na kitambaa wapake pomade ya zinki kama inapatikana. Akiona ute mweupe unatoka nyuma asiogope, utumbo wa chini bado unajilainisha. Na aanze tangu sasa kukaza nyuma kama mutu anayezuia choo, ahesabu hadi tano, aachilie, mara kadhaa kwa siku, kwa sababu misuli ile imelala miezi na itaitwa kazini ghafula. Munganga atataka damu ipimwe, na mara nyingi picha ya radio pamoja na dawa inayopitishwa nyuma, ili aone kama njia ya chini iko wazi na haivuji. Picha hiyo inaomba franga. Tutarudi hapo.

Kuna wanaotuuliza kama kwenda kwa mupasuaji si kumuacha Mungu wa manabii. Tumewajibu na Isaya, lakini tuongeze mutu wa inchi yetu. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka wa 1955, mwana wa muchungaji. Amesimulia hadharani kwamba alipokuwa mutoto alifuatana na baba yake kwenda kumuombea mutoto mugonjwa, akamuuliza baba sababu gani hakumupa dawa. Baba akajibu kwamba kazi yake ni maombi, dawa ni ya munganga. Mutoto akaamua kwamba yeye atakuwa yule mwingine. Alianza kazi pale juu Lemera, katika teritware yetu ya Uvira, katika hospitali iliyoshambuliwa tarehe 6 mwezi wa 10 mwaka wa 1996, wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Mwaka wa 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi. Mwaka wa 2018 dunia ikamupa Zawadi ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Pale Panzi wanatengeneza mama waliopasuliwa kwa kuzaa na kwa jeuri ya watu wenye silaha, na baadhi yao, ambao utumbo umetobokea katika njia ya uzazi, wanahitaji choo kigeuzwe tumboni kwanza hadi kidonda kipone, kisha wanafungwa. Muchungaji yule hakuacha kuomba kwa sababu mwana wake alishika kisu. Na mwana, mwenye Nobel yake, ni muhubiri pia.

Siku ya kufungwa, mugonjwa atalazwa usingizi. Mwanzo, sura ya 2, mustari wa 21: Mungu alimulaza Adamu usingizi muzito kabla ya kufungua ubavu, na baada ya kutwaa mufupa akafunga nyama mahali pale. Hakumufungua akiwa macho. Munganga ataukata utumbo kutoka kwenye ngozi, atashona ncha mbili pamoja, ataurudisha ndani. Ngozi yenyewe mara nyingi anaiacha wazi kidogo ijifunge polepole, maana pale palikuwa njia ya choo na ikifungwa yote inaweza kutunga usaha. Jamaa wasiseme munganga amesahau kumaliza.

Kisha tunangojea upepo. Ndiyo, wapendwa, tunauita kwa jina lake. Mutu akijamba baada ya siku mbili tatu au zaidi, ujue kwamba utumbo umeamka na njia imeungana. Tumeona wazee wenye heshima wakilia kwa furaha kwa sababu ya sauti hiyo, na shukrani iliyotolewa pale kitandani ilikuwa ya kweli kuliko nyingi tunazosikia Siku ya Bwana. Kabla ya hapo tumbo linaweza kuvimba na kutapika, utumbo umelala. Mugonjwa asaidiwe kusimama na kutembea mapema, hata hatua kumi katika ukumbi. Ndiyo dawa ya kuamsha utumbo, na damu isigande miguuni.

Choo cha kwanza kitakuwa cha maji, mara sita, mara kumi kwa siku, kinachoma nyuma. Majuma yatapita kabla hakijatulia, na kwa wengine ni miezi. Ale kidogo kidogo, atafune sana: wali, ndizi, viazi, samaki bila miiba, muchuzi mwepesi. Sombe, maharagwe, kabichi na pilipili zingojee majuma kadhaa, kisha moja moja. Najua, tunajua wote, kwamba mama mukwe akija kumuangalia mugonjwa anabeba sombe. Aipokee, aile mulinzi wa mugonjwa.

Hapa tuseme kwa nguvu jambo moja. Huku kwetu, tumbo likisumbua tunapiga bomba nyuma, na majani, hata na pilipili. Kwa mutu aliyefungwa utumbo, bomba ni kisu. Ile nguvu ya maji inaweza kupasua mushono ulio ndani. Asipigwe bomba na mama mukubwa, wala na mufumu, wala na mutumishi wa maombi, isipokuwa munganga aliyemupasua ameagiza.

Na kama ndani ya siku kumi hivi baada ya kupasuliwa homa inapanda, tumbo linauma zaidi badala ya kupungua, linakuwa gumu, moyo unapiga mbio, au anatapika na upepo umefungwa tena, hiyo si saa ya kukesha kwenye maombi hadi asubuhi. Ni saa ya pikipiki. Mushono unaweza kuwa umevuja. Muombeeni njiani, hata kwa sauti kubwa, dereva amezoea.

Tubaki kidogo kwenye bidoni. Bidoni ya litre 20 ina kilo 20. Mama aliyefungwa tumbo asiinue muzigo muzito kwa majuma 6 hivi, na wengine munganga anawaongezea, maana mahali pa tundu ni dhaifu na utumbo unaweza kusukuma na kutoka chini ya ngozi. Lakini juma la pili baada ya kurudi nyumbani watoto wana kiu, bomba la Regideso limekauka, na muto Mulongwe uko pale chini. Ataenda. Tunamujua, ataenda. Kazi ya munganga ya miezi mingi inapotea njiani kutoka mutoni, wakati kwaya ya vijana 30 inapita mbele ya nyumba yake ikienda mazoezini. Someni mustari wa 20 wa sura ile ile: kati ya matendo yote ya Hezekia, mwandishi anakumbuka kwamba alijenga birika na mufereji, akaleta maji mujini. Mufalme aliyeponywa na tini ndiye aliyeleta maji.

Hatuwezi kuacha wale ambao hawatafungwa. Kwa kansa fulani, au utumbo wa chini ukiharibika kabisa, munganga anasema kinywa kile kitabaki hadi mwisho. Mutu asimuambie ndugu huyo kwamba imani yake ni ndogo. Wala mutu asitoe unabii kwamba tundu litajifunga lenyewe kwa maombi, kisha mugonjwa akose siku aliyopewa na munganga. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondoke, ukabaki, na hatuoni popote kwamba alikaa nje chini ya muti.

Habari ya franga. Tunajua nyumba zilizouza shamba kwa ajili ya kupasuliwa kwa kwanza na hazina kitu kwa kwa pili. Tunajua waliopona na kuzuiliwa kitandani kwa sababu ya deni. Kwa hiyo yeyote anayengojea kufungwa, au ana mutoto anayengojea, awaone wazee wa kanisa majuma matatu kabla ya siku ya munganga, si asubuhi ile ile. Aseme picha ni bei gani, dawa ni bei gani, nani atakuwa mulinzi wake. Asiyeweza kusema mbele ya baba, awaone mama wa maombi. Sadaka ya wagonjwa itafunguliwa kwanza kwa hayo. Na vijana wa kwaya, kila mutaa, mupange zamu ya maji ya majuma 6: bidoni mbili asubuhi, mbili jioni, ziwekwe ndani ya nyumba, karibu na mahali mama anapopikia, juu ya kitu, ili asiiname kuziinua.